Transista Mbili Kutoka Bura

Alhamisi, 3 Oktoba

Mimi Alexander Mwasaru wa Mwakingali, Voi, nina miaka sabini na saba. Nimezika mke, nimezika ndugu zangu wote, nimezika mpiga ngoma na mwimbaji wa bendi yetu. Garimoshi la makaa limekufa mimi nikiangalia. Kiwanda cha mkonge nilichofanyia kazi kimefungwa na paa lake limeanguka, langu liko. Ndovu alivunja ukuta wa ghala mwaka ule wa ukame, akala mahindi akaenda zake, mimi nilikuwa nimelala upande wa pili na sikuamka. Daktari aliyeniambia niache chumvi amekufa.

Shule nilifika darasa la tatu, pale Bura kwa mapadre. Kama mwandiko ni mbaya, huu ni mkono wa kazi. Naandika kwa sababu Geoffrey mwanangu alisema mbele ya watu, "Mzee siku hizi anasahau, msimsikize sana." Anasahau! Nakumbuka kila redio niliyofungua mji huu na ilikuwa ya nani na alikuwa analalamika nini. Basi nitaandika mambo na siku zake, halafu tuone nani anasahau.

Leo joto. Mawingu yanafika mlima Sagalla yanarudi.

Jumapili, 6 Oktoba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Kamati ya harusi ilikaa hapa uani baada ya kanisa. Mjukuu wangu Shanice anaolewa tarehe kumi na nne Desemba na Lewis, kijana wa Njukini, watu wa mahindi na maharagwe, sina neno nao. Mke wa Geoffrey, mama ya Shanice, ndiye alisoma programu. Muziki: DJ kutoka Mombasa. Babu: dakika tatu, neno la baraka.

Nikauliza, "Na gita?"

"Baba, gita hatukuliweka. DJ ako na nyimbo zote."

"Wangu ako nao?"

Watu wakacheka. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Niandike ili ijulikane. Lois, mke wangu, nilimpata kiwandani. Mimi nililisha mashine ya kupara mkonge, yeye alianika nyuzi. Ile mashine ilikuwa na sauti nene ya kukwaruza, inaingia kifuani na kukaa. Hakuna neno la mtu lilisikika pale. Nilimtongoza kwa mikono na macho mwaka mzima, na nilikuwa hodari, sina haja ya kuficha. Baadaye nikawa fundi wa redio na mpiga gita, nikatengeneza kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, ukikikanyaga gita linakwaruza vile vile kama mashine. Vijana wanakiita fazi, kwamba kimetoka Ulaya. Changu kilitoka kwenye mkebe wa sadini, hapa Voi. Nikamtungia wimbo, "Lois King'ora Kimelia". Tuliupiga Voi, tukaupiga Taveta, tukavuka nao mpaka Moshi.

Alipokuwa hospitalini alinishika mkono akasema, "Wa kwanza kuolewa katika wajukuu, umpigie ule. Na ile sauti ya mashine. Gita tupu sitaki, gita tupu kila mtu ako nalo." Nikasema ndiyo. Nikimwambia ndiyo mtu anayekufa, siendi kumlipa kwa neno la baraka la dakika tatu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimefungua kile kisanduku. Kutu tupu. Ndani kuna transista mbili tu, vikopo vidogo vya fedha vyenye miguu mitatu, na miguu imeliwa yote. Si kitu. Chini ya kitanda nina mkebe wa maziwa ya unga umejaa transista za maisha yangu yote ya kazi.

Kwa asiyejua: transista za zamani huvuja. Umeme unapita hata pale haujaitwa. Ikivuja sana, sauti inakufa. Isipovuja kabisa, sauti inakuwa sindano. Unatafuta ile inayovuja kwa adabu. Halafu zinatakiwa mbili, ya kwanza iwe mpole na ya pili iwe kali, na zikubaliane. Hakuna kitabu cha kukwambia. Ni sikio. Mji huu sikio hilo ninalo mimi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Joto. Hakuna neno.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua ya kwanza imekuja jana mchana kama watu wa kuvunja mlango. Mimi nilikuwa mjini. Nimerudi leo baada ya kulala kwa binamu, maana barabara ilikuwa mto, nikakuta chumba changu kimepanguliwa. Paa limevuja. Godoro liko juani, nguo ziko kwenye kamba. Nikainama chini ya kitanda. Mkebe hakuna.

Lazima mjue vile tunaishi. Mke wa Geoffrey ni Mkamba wa Kibwezi na ananipikia tangu Shanice hajazaliwa. Kwetu, na kwao pia, baba mkwe haingii jikoni kwa mke wa mwanawe, na kitu hakitoki mkononi mwake kikaingia mkononi mwangu. Anaweka sahani kwenye kigoda nje ya mlango, anaondoka, nachukua. Nikimaliza narudisha pale pale. Hiyo ni heshima, na hatujawahi kuikosea. Leo nilisimama kwenye kigoda nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Ule mkebe uko wapi?"

Akatokea kwenye mlango wa jikoni, hakunikaribia. "Mkebe gani, Baba?"

"Wa maziwa ya unga! Chini ya kitanda!"

Akageuka akaangalia godoro juani. Nikajua.

"Ulikuwa umejaa maji," akasema. "Nilidhani ni misumari imeoza. Yule mtu wa vyuma kuukuu alipita na mkokoteni, nikampa."

"Umewahi kuona msumari wenye miguu mitatu?"

"Sikuhesabu miguu, Baba. Nilikuwa nachota maji kitandani kwako na sufuria."

"Ungeacha yajae! Godoro linanunuliwa!"

Geoffrey akaja kutoka kazini, badala ya kuuliza kimepotea nini akauliza nani anapiga kelele. Nikamwambia. Akasema, "Mzee, hizo vitu si ziko madukani? Unajaziwa mfuko."

Kijana wa miaka hamsini na hajui mkebe ule ulikuwa nini. Ulikuwa mimi. Kila redio iliyokufa mkononi mwangu tangu nikiwa kijana nilitoa roho yake nikaweka pale.

Kuanzia leo jina la huyo mwanamke halitaingia kwenye kitabu hiki. Atakuwa mke wa Geoffrey, na hiyo nayo ni hisani.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua. Sikuongea na mtu. Chakula nimekila kwa sababu sitaki kufa kabla ya harusi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekwenda kwa watu wa vyuma karibu na reli. Lori limeshaondoka kwenda Mombasa. Kijana mmoja akaniambia, "Mzee, vitu yako saa hii imeshakuwa sufuria." Nikamwambia aombe hiyo sufuria isipike maharagwe yake.

Jumanne, 22 Oktoba

Dukani kwa Hanif, pale anauza simu na spika. Babu yake aliniuzia waya wangu wa kwanza wa kulehemu. Hanif ana adabu ya watu wa pwani, lakini adabu haiimbi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nataka transista za jemaniamu. Vikopo vya fedha."

"Subhanallah! Hizo zimekwisha, mzee wangu. Tangu marehemu babu yu hai sijazitia machoni. Chukua hizi za silikoni, ndizo zitumikazo sasa." Akamwaga kwenye kioo vitu vyeusi vya plastiki, kama mbegu za papai. "Hizi hazina neno. Hata ukizianika juani kutwa, hazigeuki."

"Nimekuja kununua transista, sikuja kununua samaki wa kuanika."

Akacheka, akanifungia. Nimezichukua kwa sababu nilikuwa nimeshatembea.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimezilehemu, nimejaribu. Sauti nyembamba, kali, inzi ndani ya chupa. Mashine ya mkonge haikuwa inzi! Nimeng'oa zote nimetupa uani, kuku wamezikataa.

Jumatano, 30 Oktoba

Geoffrey amenionyesha kwenye simu kitu cha kubonyeza, gita linakwaruza lenyewe. "Si ni hiyo hiyo, mzee?" Nikamwambia mama yako alizikwa, au alizikwa picha yake? Akaondoka na simu yake. Mimi pia nilisikia limetoka vibaya, lakini limeshatoka.

Mvua imekaa. Usiku vyura wanapiga kelele kuliko DJ. Asubuhi hii nimekumbuka kwamba Valentine Mghanga hajafa.

Jumatatu, 4 Novemba. Bura

Niko Bura, mlimani, kwa Valentine. Alipiga besi kwenye bendi. Ana redio ya transista saba aliyoinunua tukiwa vijana, na bado inaongea, anasikilizia matangazo ya matanga ajue nani amemtangulia. Boda ilinifikisha mpaka kwenye matope, ikakataa. Nimepanda kwa miguu na gita na kisanduku mgongoni ndani ya gunia. Kuna vijana wanalia kwenye mlima ule.

Alinikuta mlangoni akasema, "Kumbe hujafa?"

"Nilikungoja wewe utangulie, ulikuwa na haraka siku zote."

"Haraka? Wewe ndiye ulikuwa unakimbiza kila wimbo kama mtu aliyeacha sufuria motoni."

"Na wewe besi yako ilikuwa inafika kesho yake."

Tukakaa. Akanipa chai. Nikamweleza habari ya Lois na wimbo. Akasukuma kuni motoni. Kisha akasema, "Redio unaweza kufungua. Lakini harusini nakaa meza ya mbele. Sikai kwenye hema la wazee kuletewa pilau baridi na soda moto."

"Utakaa."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Mimi ndiye babu."

Sina ruhusa yoyote. Lakini nimesema.

Jumanne, 5 Novemba. Bura

Ukungu. Ng'ombe anasikika haonekani. Baridi ya hapa inaingia kwenye magoti kama mtu anatafuta kitu.

Jumatano, 6 Novemba. Bura

Tumefungua redio iliyo hai na maiti za redio nyingine mbili zilizokuwa darini. Ya kwanza niliyojaribu ilipiga mluzi. Iliyofuata ilikuwa bubu. Moja ilivuja kama paa langu. Valentine anashika taa na kusema "hiyo ndiyo" kwa kila moja. Nimemwambia afunge mdomo, sikio linafanya kazi.

Alhamisi, 7 Novemba. Bura

Mvua na ukungu. Nimepata ya kwanza, ile mpole. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi, waya wa risasi unaganda kabla haujashika. Nimefanya hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Novemba. Bura

Nimepata! Iandikwe kwamba mimi Alexander Mwasaru, bila miwani, bila kitabu, nimezioanisha transista mbili katika nyumba yenye moshi. Ile kali ilikuwa kwenye redio hai, kama nilivyojua. Nimekanyaga kisanduku, nimepiga nyuzi zote sita. Sauti ikatoka kwenye spika kuukuu ya besi yake, nene, inakwaruza, ikaingia kifuani ikakaa. Ng'ombe wa jirani alivuta kamba. Mama mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo ya bonde, "Nani ameleta mashine ya kusaga?"

Valentine hakucheka. Aliweka taa chini akasema, "Ndiyo hiyo."

Mtu mwingine ningemwambia najua. Yeye sikumwambia.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimerudi Voi tangu jana. Asubuhi nilipiga uani, kisanduku kimeimba kama Bura. Majirani walitoka na miswaki mdomoni. Nikamwambia Geoffrey, "Nani anasahau sasa?"

Saa sita nikataka Geoffrey asikie tena, maana alikuja na mwenyekiti wa kamati. Nikakanyaga. Kikakohoa! Kikatoa sauti kidogo, kikakata, kikatoa, kikakata, kama mbuzi mwenye mfupa kooni. Mwenyekiti akaangalia saa yake. Akasema, "Neno la baraka pia ni zuri, Mzee."

Nikamuuliza mke wa Geoffrey kwa sauti kama amekigusa. Akasema hajakigusa. Tangu ule mkebe hagusi kitu changu isipokuwa sahani. Nani atamwamini.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimempigia Valentine. "Umenibadilishia!"

"Nimekubadilishia nini wewe, ulizichoma kwa mkono wako mwenyewe!"

"Nilipokwenda chooni."

"Ulipokwenda chooni nilikuwa nakushikia mwavuli!"

"Meza ya mbele hukai."

"Basi nirudishie redio yangu ikiwa inaongea."

Nikakata. Simu ililia tena mara nyingi, sikuishika.

Jumanne, 19 Novemba

Asubuhi kimeimba. Saa sita kimekohoa. Nimechoma upya kila waya. Saa nane kimekohoa. Nimebadilisha betri, nimekitukana, nimekipiga kofi. Mvua zimeisha ghafla na jua limekuja kudai siku zake zote. Mabati yanalia.

Jumapili, 24 Novemba

Wote walikuwa kanisani, mimi sikwenda, Mungu anajua nina kazi. Mke wa Geoffrey alirudi mapema kupanga soda zake. Ana friji jikoni, anauza maziwa na soda, na siku za mnada anabeba sanduku la barafu mpaka stendi. Akasimama mbali, upande wa ukuta.

"Baba, naomba kusema kitu."

"Sema."

"Hicho kisanduku asubuhi kinaimba. Nakisikia nikiwasha jiko. Saa sita kinakohoa, na ni kila siku. Alhamisi palikuwa na mawingu, kikaimba mpaka jua lilipotoka."

"Kwa hiyo sasa wewe ni fundi?"

"Mimi ni mtu wa maziwa, Baba. Vitu vinavyoharibika na jua navijua."

"Ulijua pia misumari."

Akaenda. Nilibaki nimesimama na chuma cha kulehemu mkononi kama mjinga, na hakikuwa hata kimewashwa.

Jumanne, 26 Novemba

Niandike wazi asije mtu kusema vingine. Habari ya joto mimi niliijua kabla huyo mwanamke hajazaliwa. Transista ya jemaniamu ikipata joto inavuja zaidi. Fundi yeyote anajua. Miaka ile tulipiga usiku, Voi usiku kuna upepo, jua halikuwepo. Sikusahau. Haikuwa na haja ya kukumbuka, basi. Na hizi nimezichagua Bura kwenye ukungu, sikio langu lilikuwa Bura, likachagua za Bura.

Sasa harusi ni mchana, uwanja wa shule hapa chini, Desemba, na muda wa kutafuta nyingine umeisha. Dawa ni baridi, na baridi iko ndani ya friji, na friji iko jikoni kwake. Siwezi kuingia. Geoffrey nikimtuma atasema "si nilikwambia simu". Nimekaa kitandani kuanzia asubuhi nikiliangalia hilo jambo nalo likiniangalia.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimekula, nimeweka sahani kwenye kigoda. Kando ya sahani nimeweka kisanduku. Akaja, akachukua sahani, akaacha kisanduku. Nimekasirika mpaka sikio likazizima! Mtu wa maziwa!

Ijumaa, 29 Novemba

Leo nimekiweka juu ya sahani, katikati, pale ugali hukaa. Nikafunga mlango. Nilimsikia amekuja. Kisha kigoda kikawa kitupu.

Jumamosi, 30 Novemba

Chakula cha mchana kimekuja na kopo la mafuta ya kupikia lenye kifuniko. Ndani yake kisanduku, kikavu, kimefungwa kwenye kitambaa, baridi kama jiwe la mtoni. Nimepiga saa saba, jua liko utosini. Kimeimba. Kimeimba wimbo wote na nusu tena, halafu kikaanza kukohoa.

Wimbo mmoja na nusu. Mimi nahitaji mmoja.

Nimemaliza ugali wote.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimempigia Valentine. Nikamwambia anaweza kukaa meza ya mbele. Akasema alikuwa hajawahi kuacha kukaa.

Jumamosi, 7 Desemba

Stima imepotea tangu Alhamisi, mtaa wote. Maziwa yake yameganda yakamwagwa. Kamati imekaa mara ya mwisho, nikaomba dakika tatu zangu ziwe gita. Mwenyekiti akasema programu imeshachapishwa. Mke wa Geoffrey alikuwa na hesabu ya sahani mkononi, hakuinua macho. Nikasema moyoni, sawa, nimekuona.

Alhamisi, 12 Desemba

Stima imerudi. Joto halielezeki. Mbwa amelala kwenye mtaro hatikisi hata mkia.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimerudi sasa hivi na sijavua koti. Naandika kabla Geoffrey hajaanza kusimulia yake.

Asubuhi kisanduku kilikuwa jikoni tangu jana, kwenye friji. Nikangoja kigoda. Chai ikaja, kisanduku hakuna. Magari yakaja, watu wakapandishwa, mimi nikavutwa mkono na koti na gita, nikipiga kelele, "Kitu changu! Kitu changu!" Geoffrey akasema, "Kila kitu kiko, mzee." Hakujua ninasema nini. Misa yote nilikuwa nahesabu makosa ya huyo mwanamke. Mkebe. Programu. Sasa hili.

Uwanjani, hema tatu na jua moja. Watu walikuwa waanze kula saa saba. Viongozi wakaanza kusema. Mmoja akasema habari ya barabara, mwingine akasema habari ya yule aliyesema barabara. Valentine alikuwa meza ya mbele kweli, na tai, karibu na askofu. Mimi babu nilikuwa safu ya tatu! Gita katikati ya magoti. Shanice alikuwa amekaa kule mbele, amevaa nyeupe tupu, na shingo ile ni ya bibi yake kabisa. Sikuweza kumwangalia sana.

Saa tisa MC akaona muda umekwisha. Akasema kwa kipaza sauti, "Neno la babu tutalipata nyumbani, au siyo, babu? DJ, tupe kitu!"

Nilisimama. Nikafungua mdomo kumtukana MC mbele ya askofu, na ningemtukana vizuri. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshashikwa. Ni mke wa Geoffrey. Kitenge cha dhahabu, kilemba, mama ya bi harusi, alitoka kwenye kiti chake akamnyang'anya MC.

"DJ, zima," akasema. "Baba yangu bado."

Hakusema baba mkwe. Watu wote walisikia.

MC akasema, "Mama, tumechelewa..."

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Basi hutakula kabla yake."

Watu wakapiga vigelegele. Yeye akaenda pale soda za wageni zilikuwa, kwenye sanduku lake la barafu la stendi. Akakunja kitenge, akazamisha mkono mpaka kiwiko katikati ya chupa, akatoa lile kopo la mafuta. Maji yanatiririka kwenye dhahabu. Akaja kwangu haraka, akifungua kifuniko huku anatembea, maana anajua kila dakika ya jua inavyokula.

Kigoda hakikuwepo. Meza haikuwepo. Nikaangalia kushoto na kulia, pa kuweka hapakuwepo. Akakitoa koponi, akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha wangu. Nikakipokea kutoka mkononi mwake, mbele ya watu wa Njukini na wa Kibwezi na wetu wote. Vidole vyake vilikuwa baridi kuliko kisanduku.

"Piga, Baba," akasema. "Kitapata moto."

Kijana wa DJ alinipa waya kama ananipa nyoka. Nikaunga. Nikakanyaga.

Nisifiche. Miaka hamsini sijapiga vile. Sauti ilitoka kwenye yale maspika makubwa ya Mombasa ikawa mashine yenyewe, kiwanda chote kimefunguliwa, nyuzi zinapasuka. Mama mmoja mzee safu ya nyuma, wa kule kiwandani, aliziba masikio kwa mikono yote miwili akicheka, vile walivyokuwa wakiziba. Nikaimba "Lois King'ora Kimelia". Shanice alisimama. Hakucheza. Alisimama tu ameshika maua, anaangalia kile kisanduku miguuni kwangu, na Lewis kando yake hajui afanye nini, kijana mzuri, akamshika mkono.

Ubeti wa mwisho nilianza kusikia ukohozi unakuja kwa mbali. Fundi husikia. Nikafupisha, nikakata wimbo kabla transista hazijanikata. Hakuna aliyejua. Yeye alijua, maana alikuwa amesimama kando na kitambaa chenye barafu tayari mkononi.

Dakika nne. Waliniambia tatu.

Halafu DJ akapiga takataka zake, na nikaletewa pilau baridi. Nimemwambia MC yote niliyokuwa nimeyahifadhi.

Jumapili, 15 Desemba

Valentine amelala hapa, na tangu asubuhi anawaambia wageni kwamba transista alizichagua yeye. Nimemwambia Jumatano arudi kwake na redio yake bubu. Geoffrey anasema nilipiga "kidogo". Tayari wameanza. Ndiyo maana nimeandika.

Chakula cha leo kimekuja kwenye kigoda kama siku zote. Kando yake kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, mtupu, umeoshwa, mpya. Mimi bado nina hasira ya ule wa kwanza, na nitakuwa nayo mpaka nife. Nimeuweka chini ya kitanda.

Asiyeamini niliyoandika aulize. Valentine Mghanga wa Bura alikuwepo, ni mwongo lakini macho anayo. Yule mama wa kiwandani aliyeziba masikio, ataulizwa na waliomleta. Hanif wa dukani aliniona nikikataa transista zake. Shanice yuko Njukini kwa wakwe zake, asisumbuliwe sasa.

Lakini kabla ya hao wote, piteni nyuma ya nyumba hii, mlango wa jikoni, mimi siwezi kuwasindikiza mpaka pale. Muulizeni mke wa Geoffrey. Anajua kilikuwa baridi kiasi gani na kiliimba mpaka wapi. Anaitwa Nduku.